Mikono Iliyokuja Kutunga Jozi

Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa nne asubuhi, Guliko alikuwa ameketi barazani akipasua jozi, kokwa zile za ganda gumu, kwa nyundo ndogo. Alikuwa na namna yake. Alisimamisha kila jozi kwenye shimo la kigogo, akaipiga utosini mara moja tu, ganda likafunguka na kiini kikatoka nusu mbili nzima. Vilivyovunjika alivitia kwenye bakuli la bluu, viliwe. Nusu nzima zilikwenda kwenye beseni la maji zilainike, zisije zikapasuka sindano ikipita. Mjukuu wake Tekle, mwenye miaka saba, alikuwa na kazi mbili: kula vya bakuli la bluu na kufukuza kuku.

Basi dogo la Jumberi likapiga honi langoni.

Jumberi huendesha kati ya Bari, kule Italia, na vijiji vya bonde la Alazani. Siku nne kwenda, siku nne kurudi. Akitoka huku hubeba jibini, divai na mitungi ya pilipili. Akitoka huko huleta kahawa, viatu na dawa, mizigo ya wanawake waliokwenda kutunza wazee wa watu. Katika kila nyumba ya tatu kijijini kuna mwanamke kama huyo, au niseme hayupo.

"Guliko, njoo utie sahihi!" Jumberi aliita, daftari mkononi. "Makopo mawili ya kahawa, viatu vya mtoto, dawa za Badri, na mikono."

"Imesafirije?"

"Salama kabisa. Pale mpakani yule bwana alifungua kasha, akaniuliza kama nimeficha jibini. Nikamwambia, jibini gani, ndugu yangu, hii ni mikono ya mtu. Akafunga."

Guliko alitia sahihi. Mikono ilikuwa ndani ya kasha la viatu, imefungwa kwa taulo la jikoni, wa kulia juu ya wa kushoto. Ilikuwa mikono ya Mzia, mkwe wake, mama yake Tekle. Ilikuwa imekunjamana kidogo kwa safari, na vifundo vya vidole vilikuwa vyekundu kwa dawa za kusugulia sakafu. Guliko aliiweka mezani, akaifungulia taulo, akaisogezea bakuli la maji ya uvuguvugu inawe. Mikono ikanawa.

"Mama amekuja," Tekle alisema, akakaa karibu.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Mzia alikwenda Bari Tekle akiwa na miaka miwili, mwezi ule Badri mumewe alipoanguka kutoka juu ya mti wa jozi akipiga matawi kwa ufito, akavunjika mgongo. Vuli mbili za kwanza Guliko alitunga jozi peke yake, na macho yake hayaoni tundu la sindano. Vuli ya tatu Jumberi alileta kasha na kikaratasi ndani yake: *Mama, nimepata siku chache.* Tangu hapo mikono huja kila mwaka.

Mzia mwenyewe hawezi kuja. Hana karatasi, na asiye na karatasi akitoka hatarudi. Lakini mikono haidaiwi pasipoti. Inapita mpakani kama mzigo, vitu vya matumizi ya nyumbani. Bibi kizee ambaye Mzia anamtunza kule ana binti, na binti huyo huchukua likizo yake Oktoba akakaa na mama yake wiki mbili. Ndizo wiki ambazo mikono hupata nafasi. Mwili uliobaki hukaa pale pale kwenye kitanda cha jikoni, tayari kuitika bibi akiita.

Jirani Tsiala aliegemea ukuta wa mawe akachungulia.

"Imefika?"

"Imefika, shoga."

"Una bahati. Mimi binti yangu wa Thesaloniki alinitumia kicheko, kwenye chupa ya mtindi. Nilikimaliza siku ile ile." Alitazama mikono kwa muda. "Imekonda. Ipake mafuta ya mzeituni."

Badri alisogeza kiti chake cha magurudumu hadi mezani. Aliuchukua mkono wa kushoto, wenye pete, akauweka shavuni pake, nao ukakaa hapo kiasi cha mtu kunywa glasi ya maji. Kisha ukampapasa ndevu, ukarudi mezani, ukatafuta sindano. Kulikuwa na kazi.

*

Churchkhela haiingii tanuri. Hilo ndilo Guliko alilopenda kuwaambia watu wanaowanunulia watoto biskuti za dukani. Unatunga nusu za jozi kwenye uzi, unazichovya kwenye uji mzito wa maji ya zabibu, unazitundika, na jua na upepo vinamaliza. Haitiwi sukari hata chembe. Daktari wa meno aliyekuja shuleni aliwatazama watoto wote vinywa, akamuuliza Tekle nyumbani anakula nini, na Tekle akasema anakula kamba. Daktari alipofafanuliwa, akasema laiti watoto wote wangekula kamba.

Siku ile ya kwanza ilikuwa ya kutunga. Mikono ilikaa mezani, wa kushoto ukishika uzi, wa kulia ukipitisha sindano katikati ya nusu ya jozi pale palipo pana, na kuisukuma chini hadi ikutane na kijiti kidogo kilichofungwa mwisho wa uzi, kinachozuia jozi zisiteleze. Ilitunga bila kutazama, maana haikuwa na cha kutazamia. Tekle alikuwa akiipa nusu moja moja. Akiipa iliyovunjika, mkono wa kulia uliipima kwa ncha ya kidole, ukaitia mdomoni mwa Tekle. Haukukosea mdomo hata mara moja.

Kati ya uzi na uzi mikono ilimsuka. Nywele za Tekle zilikuwa ngumu, na Guliko, pamoja na mapenzi yake yote, alisuka kama anayefunga gunia. Mikono ilichana kutoka chini kupanda juu, ikishikilia shina la nywele lisivutike.

Tekle na mikono walikuwa na lugha yao. Akigonga kiganja mara moja, alimaanisha anataka kukunwa mgongo. Mara mbili ni kaa, usiende. Mara tatu ilikuwa mzaha, na mzaha wenyewe haukuwa na maana, ila mikono ilimtekenya.

Simu ndiyo aliyoikataa. Kila Jumapili jioni Mzia alipiga simu ya picha, na kila Jumapili Tekle alikwenda chini ya meza. Uso uliokuwa kwenye simu ulikuwa wa kijivu na wa miraba miraba, mdomo ulitangulia na sauti ikafuata nyuma. Uso ule ulisema, "Tekle, mama, njoo nikuone." Tekle alisema chini ya meza, "Simjui." Shuleni walipoambiwa wachore mama zao, alichora mikono miwili na pete. Mwalimu, ambaye dada yake yuko Milano, alimpa alama zote.

"Atazoea," Guliko alimwambia Mzia kwenye simu.

"Atazoea lini, mama? Ana miaka saba."

*

Jumapili walipika uji. Badri, kwenye kiti chake, alikamua zabibu nyeusi kwa mashine ndogo ya mkono. Guliko alichemsha maji yake kwenye sufuria ya shaba uani, akatia unga wa ngano kidogo kidogo, akakoroga kwa mwiko mrefu. Uji wa zabibu hauachwi. Ukiuacha ukaenda kumjibu mtu langoni, unashika chini, na churchkhela zote za mwaka zinanuka moshi. Mikono ilipokezana naye kwenye mwiko. Mzia alikuwa anajua kwa uzito wa mwiko uji ukiwa tayari, jambo ambalo Guliko hakuwahi kulisema wazi kwa kuwa yeye mwenyewe hulijua kwa kuonja tu, na kuonja kunachelewa.

"Bibi," Tekle aliuliza, "hii inakaa mpaka lini?"

"Ukiichovya vizuri, ukaitundika, ukaiacha bila kuigusagusa, inakaa mpaka Pasaka."

"Haiozi?"

"Itaozaje? Imevaa koti."

"Na kitu kingine? Ukikichovya, kinakaa?"

"Kinakaa, kinakaa. Sogea, utaungua." Guliko alikuwa anatazama moto.

Walichovya kamba moja moja, wakazitundika kwenye fito barazani, kusini, panapopata jua tangu asubuhi. Zilining'inia za zambarau na kung'aa, matone yakianguka kwenye magazeti. Kesho yake mchana walipika uji wa pili, wakazichovya tena, maana koti moja halitoshi. Ilipofika saa tisa kazi ilikuwa imekwisha. Guliko alikwenda kupumzisha miguu. Badri alisinzia kwenye kiti. Sufuriani ulibaki uji wa kutosha bakuli tatu, umepoa, vuguvugu kama maji ya kuogeshea kitoto kichanga.

Jumberi alikuwa aondoke kesho yake, Jumanne, saa sita mchana.

Tekle aliileta mikono ukingoni mwa sufuria. Alifunga uzi kwenye kila kifundo cha mkono, fundo lile lile alilofundishwa kufunga juu ya kamba za jozi. Aligonga kiganja cha kulia mara mbili. Kisha akagonga cha kushoto mara mbili, kisionekane kimesahauliwa.

Mikono ilitulia kidogo. Baadaye vidole vikajikusanya, vikanyooka, vikashikamana kama anavyofanya mtu anayejitayarisha kuvaa glavu. Tekle akachovya wa kulia, akauacha udondoke, akachovya wa kushoto. Akasubiri kiasi alichoona bibi yake akisubiri, akachovya tena, maana koti moja halitoshi. Akapanda kwenye kigoda akaitundika kwenye ufito wa mwisho, katikati ya churchkhela nyingine, vidole vikitazama chini. Akaupangusa ukingo wa sufuria, akauosha mwiko. Alikuwa mtoto nadhifu.

Usiku ule alilala bila kuitwa.

*

Jumanne asubuhi Guliko aliitafuta mikono mezani, kabatini, chini ya mto wa Badri. Kisha akatoka barazani kugeuza churchkhela zipate jua upande wa pili, akaiona. Uji ulikuwa umeshika. Ilikuwa imevaa zambarau kutoka kifundo hadi kucha, laini na yenye kung'aa. Nyigu mmoja alikuwa akitembea kwenye kidole gumba.

Guliko alisimama mbele ya ufito muda mrefu. Alijua, kama anavyojua kila mtu wa bonde lile, kwamba kilichotundikwa hakiguswi mpaka kiache kunata. Ukikivua koti mapema, koti linaondoka na ngozi.

"Tekle!"

Tekle alikuja, akasimama wima.

"Ni wewe?"

"Wewe ulisema inakaa mpaka Pasaka."

Guliko aliyakumbuka maneno yake ya Jumapili. Alikuwa amesema.

Badri alijisukuma hadi mlangoni, akatazama. Jua lilikuwa limeifikia mikono, na pete ilionekana ndani ya uji, ya dhahabu, kama kitu kilicho chini ya maji.

"Iache," Badri alisema.

"Na dawa zako?"

"Nilizaliwa bila dawa."

"Ulizaliwa na mgongo mzima. Nilikuwepo."

"Nitavumilia, mama. Watu wanavumilia. Iache, na yeye atakuja kuifuata. Mtu hawezi kukaa bila mikono."

Guliko alikumbuka miezi minne ile ya mwanzo, kabla dawa hazijaanza kuja, mwanawe alipokuwa akiuma kona ya godoro ili mtoto asisikie. Alikwenda ndani akachukua simu.

Uso wa Mzia ulitokea mara moja, kana kwamba alikuwa akisubiri. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na mikono ya sweta yake ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo.

"Mama, vidole vinanibana tangu jana."

"Vimekauka."

"Kuna nyigu?"

"Mmoja. Kwenye kidole gumba."

"Nilimhisi. Ni Tekle?"

"Ni Tekle. Sasa wewe, mwanangu, mbona uliruhusu? Mikono ni yako. Ungekunja ngumi tu."

"Aliniambia kaa," alisema Mzia. "Nikakaa."

Kule Bari sauti ya kizee iliita kitu, na sauti nyingine ikajibu. Tekle alikuwa ameshaingia chini ya meza.

"Mzia," Badri alisema, akijisogeza mbele ya simu. "Njoo. Njoo ulivyo. Tutaishi."

"Tutaishi kwa kitu gani, Badri?"

"Zabibu. Jozi."

"Nani atapanda juu ya mti?"

Badri akatazama magoti yake.

"Jumatatu binti wa bibi anarudi kazini," Mzia alisema, polepole, na mdomo wake ulitangulia sauti. "Wameshampata mwanamke mwingine, wa huko kwetu, wa Kutaisi. Amekuja jana kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Kitanda changu. Ana mikono yote miwili, mama. Alimnyanyua bibi pale pale, wakamuona. Ishushe. Taratibu. Kwa maji ya uvuguvugu, usiivute. Na uanze na ule wa kulia, ndio ninaomnyanyulia."

Tekle alitoka chini ya meza kwa kishindo, akasimama mbele ya simu kwa mara ya kwanza tangu ajue kutembea vizuri.

"Wewe si mama!" alisema. "Mama alikubali! Mama alikubali, wewe ndiye unayekataa!"

"Tekle, roho yangu, mimi ndiye..."

"Muongo! Umekaa huko, hujui hata jina la kuku!"

Uso ukaganda kwenye miraba yake. Mtandao ulikuwa umekatika. Ilikuwa kweli pia kwamba Mzia hakumjua kuku.

*

Guliko aliishusha mikono saa tatu na nusu. Aliilaza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akangoja, akaanza kuusukuma uji kwa kidole gumba, kutoka kifundo kwenda chini, kama anayemvua mtoto soksi zilizolowa. Uji haukuyeyuka. Ulitoka mzima, glavu mbili za zambarau zenye kupitisha mwanga, na kwenye ncha za vidole palikuwa na alama za kucha. Sehemu tatu ngozi iliondoka nao. Mikono haikujikunja. Ilikuwa ikimtafuta Tekle; mkono wa kushoto ulitoka kwenye beseni ukidondosha maji, ukatembea kwa vidole hadi ukingo wa meza, ukapapasa hewa.

Tekle alikuwa amekaa pembeni akitazama ukutani. Hakuusogelea.

"Nenda, mama yako anaondoka," Guliko alisema.

"Aseme mwenyewe."

Tsiala alikuwa amekuja na marhamu, kwa kuwa habari zilikuwa zimekwisha kuvuka ukuta. Aliipaka mikono pale palipochubuka, akafunga kidole kimoja kwa kitambaa safi. Kisha akaziinua zile glavu tupu, akazitazama kwenye mwanga.

"Zimetoka vizuri mno, shoga. Zitundike. Zikikauka, mtoto atakuwa na kitu chake mpaka Pasaka. Na hazina sukari."

Guliko akazitundika, maana hakuwa na wazo bora. Akamwita Tekle azione.

Tekle alizitazama. Alitia kidole ndani ya moja, akakitoa.

"Ndani hamna mtu," alisema.

Jumberi alifika saa sita kasoro. Nyuma ya basi lake mlikuwa na makasha ya nyumba nyingine, majina yameandikwa kwa kalamu nene: mitungi, jibini, kasha moja dogo lililokuwa likihema taratibu. Aliandika daftarini *jozi, kasha moja; mikono, kasha moja*, akaishika mikono kuipima.

"Inanata hii. Itaokota vumbi njia nzima."

"Iko kwenye taulo," Guliko alisema.

"Na hiki kidole?"

"Kimechubuka."

"Mpakani wataniuliza."

"Waambie ni kidole."

Mkono wa kulia ulikuwa nje ya taulo bado. Hapo ndipo Tekle alipokuja mbio kutoka barazani, na Guliko akashukuru moyoni, maana alidhani amekuja kuaga. Tekle aliushika mkono, akaufungua kiganja, akagonga mara mbili. Akangoja. Akagonga mara mbili tena, kwa nguvu zaidi, kama anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua watu wamo.

Mkono haukujikusanya wala haukunyooka. Ulikishika kidole cha Tekle kilichogonga, ukakikumbatia chote, ukakaa nacho hivyo. Jumberi ni mtu mwenye haraka lakini si mtu mbaya. Alikwenda akakagua tairi ambazo hazikuwa na tatizo. Aliporudi ilibidi avifungue vidole kimoja kimoja.

Basi likaondoka. Badri alikuwa ameshika magurudumu ya kiti chake kwa mikono miwili mpaka vumbi lilipotua.

*

Mikono ilifika Bari Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi Mzia alimnyanyua bibi kizee kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi bafuni, na kurudi. Mwanamke wa Kutaisi aliambiwa ahsante, akaambiwa ataitwa siku nyingine. Bibi kizee alisema mikono ya Mzia inanukia matunda, akaomba imshike uso.

Saa kumi na moja jioni simu ikaita nyumbani kwa Guliko. Guliko alijibu. Tekle alikuwa karibu na jiko, amegeuka mgongo. Hakuwa amefumua nywele tangu mikono iondoke. Zilikuwa zimeanza kufumuka zenyewe, na aliyejaribu kuzigusa aliumwa.

"Kamba zimekauka?" Mzia aliuliza.

"Bado kidogo. Siku mbili tatu."

"Na yeye?"

Guliko aliigeuza simu upande wa jiko.

"Tekle," uso ulisema. "Tekle, mama. Nitazame kidogo tu. Sisemi kitu."

Tekle hakugeuka. Mzia akangoja. Nywele zilimwangukia machoni, naye, bila kufikiri, akainua mkono akazisukuma nyuma ya sikio. Tekle aliuona mkono huo kwenye kioo cha kabati. Kucha zilikuwa na ukingo wa zambarau, na kidole kimoja kilikuwa kimefungwa kitambaa cha Tsiala.

Akaja. Alikuja hatua kwa hatua, akaichukua simu kutoka kwa bibi yake, akaiegemeza kwenye mtungi.

"Teremsha," alisema.

"Niteremshe nini, mama?"

"Simu. Teremsha."

Mzia akaiinamisha kidogo. Paji la uso wake likatoka kwenye picha.

"Tena."

Macho yakatoka.

"Tena."

Ukabaki mdomo, ukitaka kusema jambo. Mzia aliinamisha simu mara ya mwisho, na mdomo ukaondoka. Yakabaki meza yenye kitambaa cha plastiki chenye michoro ya ndimu, na mikono yake miwili juu yake, imelazwa wazi.

Tekle alivuta kiti, akakaa. Akaanza kusimulia. Aliiambia mikono kwamba jino la chini linacheza, kwamba kuku mwekundu anaitwa Nene na ametaga chini ya gari, kwamba mvua ilitaka kunyesha Alhamisi wakaziingiza kamba zote ndani yeye na bibi, na hakuna zilizogusana. Aliiuliza kama kidole kinauma. Kidole kilijikunja na kujikunjua: kidogo. Akacheka. Hakuwa amewahi kuongea maneno mengi kiasi kile kwenye simu, na Guliko, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kitambaa cha vyombo, hakujua pa kukiweka.

Kutoka juu ya picha, pasipoonekana, ilianza kusikika sauti. Ilikuwa sauti ndogo ya mtu anayevuta pumzi na kuikosa, anavuta tena. Tekle alivumilia kidogo, akakunja uso.

"Bibi," alisema, "mwambie huyo anyamaze. Mama ananisikiliza."

Sauti ikanyamaza. Mikono ikabaki mezani imetulia kabisa, vidole vikimwelekea Tekle, naye akaendelea na habari za Nene, mayai mangapi na ya rangi gani, mpaka chumba cha pili bibi kizee alipoita, na mikono ikainuka ikaenda kumgeuza.